Nilimbania Mpwa Wangu Wati

Aliyechomoa waya ni mimi. Siyo Tatu. Siyo fundi Neema. Siyo umeme kukatika. Ni mimi, mjomba mtu mzima mwenye kanzu na miwani, na naandika hapa bila jina kwa sababu mdomo wangu umeshindwa kulisema hili mbele za watu.

Msinipe pole. Pole wapewe waliofikwa na jambo. Mimi sikufikwa na kitu, nililifuata mwenyewe kwa miguu yangu, bisibisi mkononi.

Na kinachonikera kuliko vyote, mimi ni mwalimu wa fizikia! Miaka ishirini na mbili nashika chaki hapa Morogoro. Wati ni nini, volti ni nini, mkondo ni nini, nimewaimbisha watoto wa watu mpaka wengine leo ni mainjinia. Halafu mtihani wa wati ukaja sebuleni kwangu, nikapata sifuri. Tena sifuri ya duara, nono!

Tatu ni mtoto wa dada yangu. Kwetu sisi Waluguru, mtoto wa dada ni wako hasa. Mjomba ndiye anayesikilizwa, mjomba ndiye anayepokea barua ya posa, na mjomba akisema hapana, imekuwa hapana. Dada yangu yuko Kinole, analima pilipili manga na machungwa. Tatu alipopata chuo hapa mjini akaja kukaa kwangu Bigwa, kwa heshima zote. Asubuhi shikamoo mjomba, jioni shikamoo mjomba, maji ya kuoga yako tayari, chai iko mezani. Mtoto hana neno.

Ila alikuwa anacheza gemu. Mpira wa kwenye kompyuta. Mimi nikipita nyuma yake lazima nisonye. "Msichana wa chuo, unafukuza mpira wa picha!" Yeye anacheka tu, "Huu nao ni mpira, mjomba."

Kumbe mtoto alikuwa hodari. Alianzia kwenye kompyuta za wenzake chuoni, akawafunga wote mpaka wakawa hawataki kumwazima. Ikatokea timu moja ya Dar, ya vijana wanaolipwa kwa kucheza magemu, ikatangaza nafasi moja tu. Mchujo ni kwa mtandao, kila mtu anachezea kwake, kwa mashine yake. Watu wakachujwa, wakachujwa, na Tatu alikuwa hata mashine hana, anaazima huku na huku. Akampigia mama yake simu. "Mama, hii inaweza kuwa kazi."

Dada yangu hajui gemu ni mnyama gani. Lakini anamjua mwanawe. Akauza pilipili manga ya msimu mzima, tena kabla bei haijapanda, mtoto akanunue kompyuta.

Sasa kitu kikubwa hivyo kitanunuliwaje na mjomba hayupo? Watu watasemaje? Nikavaa viatu, nikaongoza njia.

Fundi ni binti, anaitwa Neema. Ana kibanda karibu na soko, meza moja, taa moja, bisibisi zimepangwa kwa ukubwa kuanzia ndogo mpaka kubwa. Nilipomwona tu nikasema moyoni, hapa hamna fundi. Ndizo akili zangu hizo, mzijue mapema.

Neema akachukua karatasi ya daftari, akaandika huku anatueleza. "Shikamoo mwalimu. Kadi ya grafiksi, hii inayochora picha za gemu, inaweza kula wati mia mbili na ishirini. Prosesa, tuseme mia. Mafeni, diski na vikorokoro vingine, sitini. Hapo ni mia tatu na themanini. Lakini kadi hizi gemu likipamba moto zina tabia ya kuruka ghafla, na pawa saplai haipendi kukimbizwa mpaka mwisho wa pumzi zake. Kwa hiyo tunaweka ya mia sita na hamsini. Tena iliyo nzuri, siyo iliyobandikwa namba kubwa tu kwenye stika."

Pawa saplai, kwa msiojua, ni lile boksi la chuma lililomo ndani ya sipiyu, linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa kila kifaa. Likiwa dhaifu, vyote vilivyobaki ni mapambo.

"Mia sita na hamsini!" nikaruka. "Binti, hiyo ni pasi! Unataka niwe na pasi inawaka nyumbani kutwa nzima?"

Neema akatabasamu. "Hapana, mwalimu. Namba hiyo ni uwezo wake, siyo ulaji wake. Kompyuta inavuta inachokihitaji tu. Wewe nyumbani una tangi la maji?"

"Ninalo. La lita elfu."

"Na kila siku mnakunywa lita elfu?"

Tatu akaangalia pembeni asije akacheka. Nikaliona hilo, likaniuma. Nikajivuta, nikasafisha koo.

"Mimi ni mwalimu wa fizikia, binti."

"Basi mwalimu unajua kuliko mimi," akasema, akaendelea kukaza skrubu.

Nilidhani amenisifu! Njia nzima ya kurudi Bigwa nilitembea kifua mbele.

Kwangu kuna vyumba viwili vya wapangaji na mita moja ya umeme. Aliyewahi kuishi nyumba ya mita moja hahitaji maelezo. Uniti zikiisha kila mtu anamwangalia mwenzake. Na mimi kwangu ndiye serikali ya umeme. Pasi ni Jumapili peke yake. Jagi la umeme marufuku. Hita ya kuchovya kwenye ndoo, nikikukamata nayo, tafuta pa kuhamia. Nimebandika karatasi nyuma ya mlango, naandika namba za mita kila asubuhi kabla hata sijapiga mswaki. Mama Jeska, mpangaji wangu mmoja, muuguzi, alikuwa ananiita Bwana Mita nyuma ya mgongo wangu. Nilipojua, nikafurahi. Nikaona ni cheo.

Kompyuta ya Tatu ikaingia, ikakaa wiki mbili. Mtoto akashinda mechi zake moja baada ya nyingine, mpaka wakabaki wawili tu, yeye na kijana mmoja wa Mwanza. Mshindi ndiye anayechukuliwa.

Na uniti nazo zikawa zinakimbia. Mama Jeska akanisimamisha uani, mikono kiunoni. "Mwalimu, sisi ukituona na pasi Jumanne unatutoa roho. Hilo dude la mpwa wako linalonguruma mbona hulisemi?"

Basi! Nikashika kalamu. Wati mia sita na hamsini, mara saa tano kwa siku, mara siku thelathini. Jibu likanitoa jasho. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, bwana, mpaka nukta. Ilikuwa sahihi kwa pasi!

Na jikoni kwangu lipo friji la zamani ambalo mpira wa mlango umelegea, unaingiza kidole bila kulifungua. Linanguruma usiku na mchana, halipumziki hata mwezi wa Ramadhani. Hilo sikulipigia hesabu. Friji ni langu, nilinunua mwenyewe, na cha mtu mwenyewe hakili umeme.

Ningeweza kumwita Tatu tukazungumza. Ningeweza kurudi kwa Neema nikauliza. Lakini nikamuulize nini yule binti wa kibandani? Mwalimu mzima niulize!

Ikaja Ijumaa. Mechi ya mwisho ni kesho yake, Jumamosi, saa kumi alasiri. Najua, nimeambiwa mara tatu, na mara ya tatu mtoto ameniambia huku ananishika mkono, "Mjomba, niombee." Nimetoka kuswali Ijumaa, kanzu sijaivua, nyumba tupu, Tatu yuko chuo, mke wangu kaenda kwao kumuuguza mama yake. Nikaingia stoo nikatoa kompyuta yangu ya zamani, ile iliyonichapia mitihani tangu enzi za skrini zenye kisogo. Pawa saplai yake wati mia tatu. Nikasema, hii inatosha. Mia tatu ni nusu ya ile, kwa hiyo umeme utashuka nusu. Fizikia hiyo!

Nikafungua sipiyu ya mtoto. Nikatoa ya mia sita na hamsini, nikaweka yangu. Kadi ya grafiksi ikadai plagi ambayo pawa saplai yangu haina. Mtu mwenye akili hapo angejiuliza, kwa nini haina? Si kwa sababu haikutengenezwa kubeba mzigo huo? Mimi nikachakura kwenye kopo la misumari, nikapata kiwaya cha kuungia, nikaunga. Nikawasha. Ikawaka! Nikapiga makofi peke yangu, kanzu yote vumbi.

Kuwaka! Nani alisema kuwaka ndiyo kazi? Hata kibatari kinawaka.

Ile nzuri nikaizika kwenye boksi la mitihani ya zamani huko stoo, chini kabisa. Nilikuwa nimepanga kumwambia baada ya mwezi, karatasi ya mita ikiwa mkononi, ili ajue mjomba wake ni kichwa. Nilikuwa nimeshatunga mpaka maneno ya kumwambia.

Jioni Tatu akawasha mashine afanye kazi za chuo. Gemu hakucheza, alisema anapumzisha vidole. Akainamisha sikio. "Mjomba, mbona leo inalia?"

"Vumbi hilo," nikamjibu, sikunyanyua macho kwenye gazeti.

"Sawa mjomba."

Jumamosi mvua ilinyesha asubuhi, mchana ikakatika, Uluguru yote imejifunika ukungu. Tatu aliswali, akavaa jezi yake, akafunga nywele kwa kibanio chake cha zambarau, akakaa. Mama Jeska naye akaja kuangalia, maana habari zilishaenea uani, kaja na kiti chake kabisa. Mimi nipo kwenye kochi na kahawa yangu, nimekunja nne kama waziri.

Mechi ikaanza. Dakika chache tu, Tatu akafunga. Mama Jeska akapiga kigelegele bila kujua kafunga nani. Wa Mwanza akarudisha. Tatu akafunga tena, la kichwa, hata mimi niliinuka kwenye kochi. Mbili kwa moja! Washangiliaji wa ndani ya gemu wakalipuka, uwanja umejaa, picha zinakwenda kasi, na lile boksi langu likaanza kulia kwa sauti ya juu kama cherehani inayoshona turubai.

Pap! Skrini nyeusi.

Feni la sebuleni linazunguka. Taa inawaka. Redio ya jirani inaimba. Ni kompyuta peke yake iliyolala.

"Mjomba!" Tatu alipiga ukelele. Yaani aliniita mimi nimsaidie! Mimi!

Akawasha upesi, akawaandikia waandaaji. Sheria yao, mashine ikizima mara moja mchezo unaanza upya, ikizima mara ya pili umetoka. Wakaanza upya. Mtoto akapoteza mpira, akafungwa moja mapema. Akatulia, akaanza kuupandisha mpira. Mimi wakati huo nilishajua. Nawaambieni ukweli, nilishajua! Ile sauti niliielewa, na kitu kama harufu ya plastiki kilishaanza kunifikia puani. Ningesema "simama, waambie kuna hitilafu, kifaa kingine kipo stoo", labda wangemsikiliza, labda wasingemsikiliza, lakini ningekuwa nimesema. Nikanywa kahawa.

Pap!

Mara ya pili hakupiga ukelele. Alikaa anaitazama ile skrini nyeusi, akajiona humo, akajifuta uso kwa jezi. Na mimi, badala ya kufunga mdomo, nikafungua. "Ndiyo hayo mambo ya magemu. Si nilikwambia?"

Mama Jeska akanigeukia. Akabeba kiti chake akatoka.

Waliokuwa wanafuatilia mtandaoni waliona nini? Waliona msichana wa Morogoro yuko nyuma kwa bao moja, mara ametoweka. Wakaandika kachomoa waya kwa kuogopa kufungwa. Wengine wakaunganisha picha zake na vikatuni vya mtu anakimbia na waya mkononi. Jumatatu chuoni wakampa jina, Dada Chomoa. "Dada Chomoa, mambo?" "Dada Chomoa, leo umechomoa chai?" Ile timu ya Dar ikamchukua wa Mwanza, na ikamwandikia Tatu kwamba wanatafuta watu wanaovumilia kushindwa. Binti aliyezaliwa mlimani, anayepanda kwenda kwao na mzigo kichwani bila kuhema, anaambiwa hajui kuvumilia!

Nilimwona analia? Sikumwona. Alikuwa anaoga muda mrefu kuliko kawaida, basi. Na mimi, Bwana Mita, nikawaza, afadhali anatumia maji kuliko umeme. Hovyo kabisa!

Sasa ili nisijulikane, ikabidi awepo mwenye kosa. Jumatatu hiyo hiyo nikaenda kibandani kwa Neema, wateja wamejaa, nikapaza sauti. "Mwizi! Umemuuzia mtoto pawa saplai feki! Umekula pilipili za mjane!" Dada yangu ni mjane, na nikamtumia ujane wake kama fimbo.

Neema akaweka chini alichoshika. "Mwalimu, ilete niifungue hapa hapa mbele yako, na mbele ya hawa wote. Nikikuta ina kasoro nakupa nyingine."

"Nikuletee uibe na kilichobaki?"

Wateja wawili wakachukua kompyuta zao wakaondoka. Niliwaona. Na mimi nikaondoka, nimeshinda.

Wiki ile ile dada akateremka kutoka Kinole, na mdogo wetu Idi akaja kutoka Mkuyuni, tukakaa kikao cha familia. Dada kaja na mkungu wa ndizi na kapu la machungwa, maana haji kwa kaka yake mikono mitupu hata akiwa na uchungu. Tukala, tukanawa, akaanza.

"Kaka, mimi sijui gemu. Najua pilipili zangu zimo ndani ya hilo boksi, na mwanangu anaitwa majina. Nataka kujua tu. Baada ya fundi, nani aliligusa?"

Wote wakaniangalia mimi, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye wa kutoa jibu.

"Mimi sijaligusa," nikasema. Halafu, kana kwamba haitoshi, nikaongeza. "Ni yule fundi. Kesho tunampeleka serikali ya mtaa, akikaidi polisi. Watu kama wale hawafai kufumbiwa macho."

Idi akatingisha kichwa kukubali. Ndipo Tatu aliyekuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mama yake akasema, taratibu kabisa. "Fundi hana kosa, mama. Ni mimi. Niliifungua siku ile ya Ijumaa nikachezea nyaya, nikabana vibaya."

Yarabi! Nilihisi nini? Msidhani nilihisi aibu. Nilihisi nafuu! Nikashusha pumzi. Nikasema moyoni, kumbe na yeye aliifungua, basi labda kweli ni yeye! Mnaona jinsi mtu anavyooza?

Mama yake akamsema, akamsema, mpaka sauti ikamkauka. Pilipili za msimu mzima, kwa mkono wako mwenyewe! Tatu anaitikia tu, "Nisamehe mama." Idi akauliza, "Kaka mkubwa unasemaje?" Nikasema liuzwe, arudishiwe mama yake kinachopatikana, mtoto ashike masomo. Nikaonekana mwenye busara. Dada akanishukuru. Alinishukuru, jamani!

Siku ya nne akaja mnunuzi, kijana wa chuo cha upande wa pili wa mji, na bisibisi yake mfukoni. Tatu alikuwa darasani. Kijana akaomba afungue aone ndani kabla hajatoa kitu. Nikataka kukataa, nikakosa sababu. Akafungua ubavu wa sipiyu, akachungulia na tochi ya simu. Mimi nimeshaandaa uongo mwingine.

"Mzee, pawa saplai safi kabisa hii," akasema. "Mia sita na hamsini. Aliyekufungia anajua kazi."

Nikainama nikaangalia. Ilikuwa kweli. Ile ya Neema imerudi mahali pake, skrubu zote nne, nyaya zimelala vizuri. Kijana akawasha, akaweka gemu zito, likaenda na kwenda, hakuna kilichozima. Akalipa, akabeba, akaondoka.

Nilikimbilia stoo. Boksi la mitihani lilikuwa pale pale, limefungwa vile vile. Nikapangua karatasi mpaka chini. Ilikuwepo yangu, ya wati mia tatu, imefutwa vumbi, na nyaya zake zimekunjwa zikafungwa pamoja kwa kibanio cha nywele cha zambarau. Ubavuni, kwa wino mweupe wa kufutia, kwa mwandiko wangu mwenyewe wa ubaoni, pameandikwa MALI YA MWL., na jina langu. Mimi naandika jina kwenye kila kitu changu, mpaka ndoo. Ni nani angeifungua ile sipiyu asijue ni kazi ya nani?

Nilikaa juu ya gunia la mkaa na kanzu nyeupe. Jumapili ile baada ya mechi nilikuwa nimekwenda msibani Mkuyuni. Ndiyo siku aliyofungua. Kwa hiyo nilipokwenda kumtukana Neema, Tatu anajua. Kwenye kikao niliposema sijaligusa, anajua. Alinitazama mdomoni nikiyasema, kisha akachagua. Akisema ukweli, mjomba mkubwa anavuliwa nguo mbele ya mama na Idi. Akinyamaza, Neema anapelekwa polisi. Akajitoa yeye. Binti wa miaka ishirini na moja alipima mzigo wa watu watatu, akajua ni nani mwenye nguvu za kuubeba. Mimi niliyesomea vipimo sikuweza kupima hata boksi la chuma.

Jioni nikamsubiri. "Tatu, lile jambo la..."

"Yameisha mjomba," akasema. "Chai ipo mezani."

Nikaenda nikanywa chai! Hakuna kitu kinachonitia kichefuchefu kama kukumbuka ile chai.

Ni zaidi ya mwaka sasa. Amemaliza chuo, amepanga chumba chake mjini, anachora matangazo ya watu kwa kompyuta aliyoiunga kipande kwa kipande, na nasikia jioni anacheza. Nani kamuungia? Neema. Ni marafiki. Mimi nikifika karibu na soko navuka barabara nipite upande wa pili, mzee mzima namkimbia binti wa bisibisi. Wale wateja walioondoka siku ile sijui kama walirudi, na sijawahi kuuliza.

Friji nilibadilisha mpira wa mlango mwezi uliopita, Mama Jeska ndiye aliyenishauri. Uniti zimetulia. Nikaangalia karatasi yangu nyuma ya mlango, tangu kompyuta iondoke mpaka mpira ubadilishwe matumizi hayakuwa yameshuka chochote cha maana. Miezi yote hiyo ushahidi uko kwa mwandiko wangu. Nimeichana.

Sikukuu ya Idi Kuu, Tatu alikuja kunisalimia. Shikamoo mjomba, kama zamani, na kanga mpya kwa mke wangu. Nikajikaza nikamuuliza, kwa utani ati, hiyo kompyuta mpya ameiweka wati ngapi.

"Za kutosha, mjomba," akasema, akatabasamu vizuri tu, akamgeukia mke wangu wakaendelea na habari za mapishi. Zamani angenieleza nusu saa. Zamani alikuwa ananiomba nimwombee.

Wiki iliyopita ndiyo imenifanya niandike. Barua ya posa ya Tatu imeletwa. Haikuletwa Bigwa. Imepelekwa Mkuyuni, kwa Idi, mjomba mdogo, na mimi mkubwa nipo hai, naona, natembea. Mwenye kuelekeza barua iende wapi ni binti mwenyewe na mama yake, na mama yake ameambiwa tu kwamba mjomba mkubwa ana kazi nyingi za shule.

Idi amenipigia simu, amechanganyikiwa maskini. "Kaka, mbona barua imekuja kwangu? Kuna nini kati yako na mtoto?"

Nilikuwa na nafasi. Nilikuwa peke yangu, simu sikioni, na anayeuliza ni mdogo wangu wa kuzaliwa. Nikamwambia, "Sijui, Idi. Watoto wa siku hizi."

Mmesikia? Bado!

Basi wewe mwenye mita moja na kiburi kingi, sikiliza. Fundi akikwambia mia sita na hamsini, muulize kwa nini, kisha kubali jibu hata kama limetoka kwa binti. Usibadilishe kifaa cha mtu nyuma ya mgongo wake ukaita ni kubana matumizi. Na kama umeshakosea, sema siku hiyo hiyo, watu bado wako sebuleni na kahawa haijapoa, maana ukingoja wiki utakuta mtoto amekulipia, na deni la namna hiyo hupewi risiti.

Kikao cha kujibu posa ni Jumapili ijayo Mkuyuni. Nimealikwa kama mgeni. Ile pawa saplai nimeitoa stoo, nimeifunga kwenye gazeti, kibanio chake sijakifungua. Nimeiweka kwenye mkoba nitakaokwenda nao. Sijui kama nitaitoa mbele yao. Ninavyojijua, ninaogopa nitarudi nayo.